Wanaomjua Mama Foni

Mama mkwe wangu anaitwa Bernadette, lakini hapa Kindu, ukiuliza nyumba ya Bernadette mtaani Kasuku, utapelekwa kwa akina Bernadette kadhaa kabla hujafika kwake. Uliza Mama Foni. Hata wauza samaki wa bandarini watakuonyesha njia.

Kwetu mkwe hakai na mama mkwe akapiga soga. Unamsalimu umeinamisha macho, unapokea chakula, unashukuru, unaondoka. Kwa hiyo mengi ya haya nimeyapata kwa mke wangu, Falone. Mengine niliyasikia siku ile mama mwenyewe alipokaa uani mbele ya watu akaeleza maisha yake, nami nikiwa nyuma ya jiko, nikijifanya ninapasua kuni.

Alizaliwa Tunda, upande wa Kibombo, kwa wakulima wa mpunga na mihogo. Aliolewa Kindu na mfanyakazi wa reli, na mumewe akafariki Falone akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Kazi aliyoipata baada ya msiba ndiyo iliyompa jina. Karibu na bandari palikuwa na bwana mmoja, Gérard, aliyekuwa na foni, ile redio ya kusemea mbali, iliyokula betri ya gari na waya wake ukafungwa juu kati ya michikichi miwili. Simu za mkononi hazikuwepo. Ukitaka kumjulisha kaka yako wa Lubutu kwamba mama mgonjwa, ulikwenda kwa Gérard, ukapanga mstari, ukasema neno lako, likasafiri juu ya msitu.

Gérard alimweka Bernadette kwenye maikrofoni kwa sababu sauti yake haikupotea hewani. Ni sauti ya chini kidogo, yenye mkwaruzo, na hata siku za mvua, redio inapokoroma kama mgonjwa, maneno yake yalifika. Lakini watu hawakumpendea sauti tu. Walimpendea namna yake. Kila ujumbe aliuanza kwa kusema yeye ni nani na anasema kwa niaba ya nani: "Hapa Kindu. Anasema Bernadette, kwa kinywa cha Papa Amuri wa Alunguli." Kisha ndipo habari yenyewe. Asiyetaka jina lake litajwe, ujumbe wake haukwenda, hata angekuwa mkubwa wa namna gani.

Na habari ya msiba hakuitupa hewani kama mtu anayemwaga maji. Alimuuliza kwanza mwenzake wa upande wa pili: "Nani iko karibu naye? Muite kwanza ndugu yake akae naye, njo nitasema." Akangoja ndugu afike, ndipo akasema. Watu waliokuwa kwenye mstari nao walingoja, hakuna aliyenung'unika, kwa sababu kila mmoja alijua siku yake inaweza kufika.

Wenzake wa vituo vingine aliwajua kwa sauti tu. Mwamba wa Tunda alikuwa na kikohozi kisichopona. Okito wa Obokote, kule Lubutu, alicheka kidogo kabla ya kusema lolote, hata habari mbaya, kwa woga tu. Walisalimiana kila asubuhi kwa miaka, wakajuana kama watoto wa mama mmoja, na hakuna aliyewahi kuuona uso wa mwenziwe.

Mwaka wa tisini na nane vita vikafika Kindu. Wanajeshi walioshika mji hawakupenda mtu asemezane na nje, wakazikusanya foni zote. Gérard alivuka mto akapotea. Bernadette akabaki na jina bila mashine, akilima kipande cha mihogo pembeni mwa mji na kumshukuru Mungu kwa kila jioni iliyopita salama.

Kabla ya mambo kuharibika zaidi, alikuwa amempeleka Falone kwa bibi yake Tunda. Mwaka elfu mbili na mbili mji ukazingirwa. Wapiganaji wa msituni walikuwa nje, wanajeshi ndani, na raia katikati kama mahindi kwenye kinu. Anayekwenda shambani aliitwa mpelelezi na hawa, anayerudi aliitwa mpelelezi na wale. Watu walikula mashina ya mipapai. Njia ya Kibombo ilifungwa, na habari zikaja kwamba mapigano yamepita Tunda. Kama bibi na mtoto walikuwa hai, hapakuwa na wa kumwambia.

Siku moja nyumba za mtaa wake zikaungua. Katika sanduku lake mlikuwa na kitambulisho chake, cheti cha ndoa, na picha moja ya marehemu mumewe akiwa amevaa kofia ya reli. Yote yakawa majivu. Alfajiri iliyofuata alivuka Lualaba kwa mtumbwi, akaungana na watu waliokuwa wakielekea kaskazini, kwa kuwa kusini hapakupitika. Walitembea wiki nyingi msituni. Wengine waliishia njiani kwa homa, wengine walibaki vijijini kwa ndugu. Alipofika Obokote alikuwa peke yake, miguu imevimba, nguo moja mwilini.

Vijana waliolinda kijiji walimsimamisha.

"Karte yako iko wapi?"

"Iliungua."

"Unatoka wapi?"

"Kindu."

"Kindu ya wanajeshi?"

"Kindu kwetu," akajibu. "Wanajeshi njo waliikuta."

Jibu hilo halikumsaidia. Walimfungia katika banda la mpunga wakamwita mkubwa wa kijiji. Mchana kutwa watu walikusanyika nje wakishauriana. Mwanamke peke yake, hana karatasi, hana ndugu hapa, anatoka mji wa adui. Mmoja alisema ametumwa kuhesabu vijana wa kijiji. Mwingine akasema aachwe aende zake, na mwingine akajibu kwamba huyohuyo aliyeachwa ndiye atakayerudi na bunduki nyuma yake. Waliendelea kumhoji kupitia ukuta wa matete, naye akajibu swali baada ya swali bila kupandisha sauti.

Wakati huo akapita mtu amebeba betri ya gari kichwani. Akasimama.

"Huyu mwanamuke anasema mule ndani, mumemutoa wapi?"

"Ametokea njiani. Hana karte."

Yule mtu akacheka kidogo, kicheko kifupi cha mtu mwenye woga. Ndani ya banda, Bernadette akaisogelea sauti ile.

"Mama," yule mtu akaita, "sema kitu tena."

"Niseme nini?"

"Sema vile ulisemaka asubui."

Akaweka mdomo kwenye matete kama kwenye maikrofoni. Kisha akasema, "Hapa Kindu. Anasema Bernadette..." na akakwama, maana hapakuwa na mtu aliyemtuma. Akamalizia, "kwa kinywa changu mwenyewe."

Okito akashusha betri chini. "Mufungue mulango. Huyu muntu ninamujua miaka mingi."

"Ulimuona wapi?" mkubwa wa kijiji akamuuliza.

"Sijamuona hata siku moja."

Watu wakacheka, na mkubwa akasema kwa ukali kwamba huu si wakati wa mchezo. Utamjuaje mtu ambaye hujamwona?

Okito hakucheka tena. Yeye mwenyewe alikuwa mgeni wa zamani pale. Alizaliwa Kibombo, akaja kupasua mbao msituni, akaoa, akabaki, na kijiji kilimpokea pole pole. Alijua uzito wa alichotaka kusema.

"Baba yangu alipokufa, njo huyu aliniletea habari," akasema. "Alikataa kuisema mpaka muke wangu akuye kukaa karibu yangu. Aliacha watu wake wote kwenye mustari wangoje. Muntu wa namna ile, hata akikuya na uso gani, namujua. Akiharibu kitu hapa, mukuye kwangu."

Mlango ukafunguliwa. Okito akamtazama kutoka kichwa mpaka miguu, akashangaa. "Ee Mungu! Miaka yote nilizania wewe ni mama munene, muzee!" Bernadette alitaka kucheka, ikawa kilio. Mke wa Okito akamchukua, akamwosha miguu kwa maji ya vuguvugu na kumpa bugali na sombe ya majani ya mihogo. Mama anasema sombe ile hajaonja mfano wake tena, na asiyeamini akale majani ya porini wiki nyingi kwanza.

Okito bado alikuwa na foni, iliyoruhusiwa kufanya kazi saa za asubuhi tu. Kesho yake akaita Tunda. Hewa ilikuwa mbaya, sauti zikija zikikatika, lakini kikohozi cha Mwamba kilisikika. Bernadette akasema jina lake na kumuulizia mtoto.

Mwamba akajibu: "Bernadette wa Kindu tulisikia alikufa. Siku hizi kila muntu anaweza kusema njo Bernadette. Mutoto nimemuficha. Simutoi kwa sauti ya kukoroma."

Maneno hayo yalikuwa mabaya na mazuri pamoja. Mtoto yupo! Lakini hatolewi. Okito akaichukua maikrofoni.

"Mwamba, hapa Obokote, anasema Okito. Nimemuona na macho. Amelala nyumbani kwangu. Ninamusimamia."

Mwamba akakohoa. Halafu: "Kama Okito amesema, basi iko yeye. Mukuye kesho."

Na kesho yake, wakati uleule, sauti ndogo ikatoka katika mashine, imekaribia maikrofoni mno. "Mama? Jino langu la pembeni lilitoka. Bibi alilitupa juu ya nyumba."

Mwanamke aliyebeba vilio vya watu kwa miaka bila kutetereka alishindwa kubonyeza kitufe cha kujibu. Okito akambonyezea.

Huyo mwenye jino ndiye mke wangu. Kila ninapomwona akicheka, huwa namshukuru Mwamba, Mungu amrehemu, kwa sababu alimficha, na namshukuru kwa kukataa pia. Mtu anayemtoa mtoto kwa sauti yoyote tu, mtoto huyo hafiki ukubwani.

Amani iliporudi, Bernadette alirudi Kindu, Falone akaletwa kwa baiskeli, wakaanza upya. Simu za mkononi zikaja, na foni zikafa zote. Hakuna aliyempa mama cheti cha kazi ile. Alipokwenda kuomba kazi ofisini, aliulizwa ana uthibitisho gani wa uzoefu wake, akajibu kwamba uzoefu wake ulikwenda hewani. Walicheka vizuri, naye akacheka nao, na kazi hakupata.

Kina mama walimkumbuka. Wale waliolima mpunga Alunguli na kando ya reli walipoanzisha chama chao, walimpa yeye simu ya kusemezana na wanunuzi wa Kisangani na Goma. Mnunuzi akisikia sauti ile ikisema mchele umekauka, alituma mtu wake bila kuuliza mara mbili. Baadaye zikaja jumbe za sauti, unasema sasa, mtu anasikiliza baadaye. Mama alizipenda mno. Alisema ni foni isiyohitaji betri ya gari. Na bado alianza vilevile: anasema Bernadette, kwa kinywa cha fulani.

Mwaka juzi, baada ya mavuno, ujumbe wa sauti uliwafikia kina mama wa Alunguli. Ulikuwa kwa sauti ya Mama Foni. Ulisema mnunuzi amebadilisha njia, mchele upelekwe kwenye gati dogo la juu, boti itaupokea asubuhi. Wakaubeba. Boti ikaja, vijana wenye adabu wakapakia magunia, wakaaga vizuri. Haikuonekana tena, wala mchele haukurudi mpaka leo.

Walikuja nyumbani kwake wote kwa pamoja, mwenyekiti wao Hélène mbele.

"Mama Foni, tulikusikia na masikio yetu."

"Sikusema, mwanangu."

"Sikiliza basi." Hélène akafungua simu. Sauti ikajaa uani, ya chini, yenye mkwaruzo, na pumzi zake, na ule mtindo wake wa kuvuta neno la mwisho. Nilikuwepo. Ningeapa ni yeye. Falone alifunika mdomo kwa mkono.

"Mama," akasema taratibu, "iko sauti yako."

Sijawahi kumwona mama mkwe wangu akizeeka ila dakika ile. Alikaa chini kwenye kizingiti cha mlango. Alimtazama tu binti yake, na Falone akaanza kulia.

Kati ya wale kina mama alikuwepo Bibiche, mkulima wa Alunguli, mtu wa maneno machache ambaye naye mpunga wake wote ulikwenda na boti ile. Akasema, "Rudisha tena." Hélène akarudisha. "Mumemusikia akisema kwa kinywa cha nani?"

Hélène akairudisha mara nyingine.

"Huyu mama," Bibiche akasema, "hata akinitumia salamu, anataja aliyemutuma. Huyu wa kwenye simu hajataja. Mwizi ameiba sauti, heshima ameshindwa kuibeba."

Hawakuridhika wote siku ile, sitadanganya. Wengine waliondoka bila kuaga. Lakini Hélène alibaki, akamshika mama mkono, akamwomba radhi, na mama akamjibu kwamba hakuna haja, angekuwa yeye angekuja mapema zaidi na kwa kelele zaidi.

Ndipo Sandrine akaingia katika habari hii. Ni binti wa jirani zetu, amesomea mambo ya kompyuta Kisangani, akarudi kufanya kazi na wenzake katika chumba kidogo karibu na stesheni. Alieleza kwamba siku hizi mashine za akili bandia zikipewa jumbe chache za mtu, zinaweza kuisemesha sauti yake chochote.

"Basi sauti yangu imekufa," mama akasema.

"Haijakufa, Mama. Ila isibebe muzigo wote peke yake."

Kazi yao pale stesheni ilikuwa hiyohiyo: kumpa mtu utambulisho wa kidijitali ulio wake mwenyewe. Katika simu ya mama waliweka ufunguo wa siri ambao kila ujumbe wake unatiwa nao alama, na simu ya mpokeaji inaitambua alama hiyo papo hapo. Ujumbe usio na alama si wake, hata ukilia kwa sauti yake. Pembeni ya ufunguo yanakaa maneno ya watu wanaomjua, kila mmoja akitia alama yake mwenyewe: huyu tumefanya naye kazi, hili aliahidi akalitimiza, hili alikosea akalisema. Maneno hayo hayakai katika ofisi ya mtu wala hayafungwi na kampuni moja ya simu. Akihamia Kisangani anahama nayo. Akibadilisha soko, yanamfuata. Na simu ikitumbukia mtoni, kuna watu watatu aliowachagua yeye, ambao wakikubaliana wanamrudishia ufunguo wake katika simu mpya.

Alimchagua Falone, ingawa Falone alikuwa bado anaona aibu kwa neno lile alilosema. Alimchagua Bibiche. Na wa tatu akanichagua mimi. Alinitumia habari kupitia mke wangu, kama desturi ilivyo: "Mwambie Joël, mkwe anayeniogopa hatanichezea." Nilikubali, na usiku kucha nilikuwa mtu mwenye furaha.

Siku ya kukusanya maneno ya watu ndiyo siku ile ya kuni. Sandrine alimwomba mama aeleze alikopita, ili wajue wamtafute nani. Alieleza kutoka Gérard mpaka jino. Aliyetafutwa kwanza alikuwa Okito. Alikuwa hai, Obokote palepale, lakini masikio yake yalikuwa yameziba kabisa. Binti yake, Espérance, alipokea simu, akamwandikia baba yake kwenye ubao wa shule alichoulizwa. Tulisikia chaki ikikwaruza. Kisha kile kicheko kifupi.

"Bernadette wa Kindu?" mzee akapaza sauti kama asemaye na watu wa ng'ambo. "Ninamujua! Nilimusimamia wakati wa vita, mpaka leo sijajuta! Andikeni hivyo! Na mumwambie anenepe!"

Espérance akamsaidia kutia alama yake. Likawa neno la kwanza. Yakafuata ya Hélène, ya Papa Amuri wa Alunguli ambaye sasa ni mzee wa msikiti, ya wanunuzi wa Kisangani, na hata ya mwana wa marehemu Mwamba, aliyesimuliwa na baba yake habari ya mtoto aliyefichwa. Mama alikuwa akisomewa moja moja, na kila moja alilijibu "aksanti", kana kwamba mwenyewe anasikia.

Msimu uliofuata chama kilichukua hatua nyingine. Kina mama wakiwa shambani hawashiki simu, na wanunuzi hawangoji. Sandrine na wenzake wakawatengenezea wakala, mashine ya akili bandia inayopokea simu za wanunuzi, inayoongea Kiswahili chetu, na inayojua ni mchele wa nani umekauka. Wengine walishtuka: mashine tena? Si ndiyo iliyotuibia? Sandrine akaeleza kwamba wakala naye atapewa utambulisho wake, utakaoonyesha nani amemtuma na ana ruhusa ya kuahidi nini, na ataanza bila sifa yoyote, kama mgeni aliyefika kijijini juzi. Sifa ataipata kwa kazi, kutoka kwa watu aliowahudumia.

Waliomba ruhusa kumpa sauti ya Mama Foni. Mama alifikiri, akakataa kwa upole.

"Mumupe sauti yake mwenyewe. Isifanane na ya muntu yeyote wa Kindu. Hivyo hakuna atakayezania ni muntu."

Wakafanya hivyo. Ukimpigia, neno lake la kwanza ni kwamba yeye ni mashine, ametumwa na kina mama wa mpunga wa Kindu. Mwanzoni alipewa kazi ndogo: kusema bei haijapangwa, kupokea salamu, kueleza boti inaondoka lini. Siku moja alimwahidi mnunuzi mchele kabla mvua haijaisha, na mchele haukuweza kukauka. Kina mama walimtaka ampigie mnunuzi na kukiri, naye akafanya hivyo, na kosa likaandikwa katika sifa zake pamoja na kukiri kwake. Mnunuzi yule aliongeza maneno yake hapo chini: alichelewesha, alisema ukweli, nitanunua tena. Bibiche aliposomewa alisema wanaume wengi wa Alunguli hawana barua nzuri namna hiyo.

Mwaka huu mpunga ulikubali. Kina mama wa Tunda nao wakajiunga, na neno la mama yetu kuhusu wakala liliwafikia kabla wakala mwenyewe hajaanza kuwahudumia, likiwa na alama yake, wakaamini. Mnunuzi mmoja wa Kisangani alituma mbegu kwa wale waliopoteza magunia yao, bure, akisema ni kwa heshima ya Mama Foni. Siku ile mama alilia tena.

Basi akaamua kufanya karamu ya kushukuru. Alipika mchele mpya, sombe, na samaki wa Lualaba mkubwa wa kujaza sinia mbili. Papa Amuri akasoma dua, kina mama wa kanisa wakaimba, kila upande ukangojea zamu ya mwenziwe. Okito alikuja kutoka Obokote kwa pikipiki na binti yake, safari ya siku kadhaa, amevaa koti zito lililobaki na vumbi la njia yote. Alipotakiwa kusema neno, alitikisa kichwa akaelekeza kidole kwenye sahani yake. Mama alikaa karibu yake akamwekea samaki, akamtolea miiba kwa mkono wake mwenyewe. Walikaa hivyo jioni nzima, mmoja akila na mwingine akimtazama akila.

Asubuhi ya kuondoka, kila mama alileta zawadi. Mchele, mafuta ya mawese, kitenge cha mke wa Okito, sufuria, jogoo mmoja na kuku mmoja. Destin, mwenye pikipiki, aliizunguka mizigo akikuna kichwa.

"Mama Foni, hii si gari moshi!"

"Funga vizuri tu, mwanangu. Itafika."

"Na muzee nimukalishe wapi? Juu ya sufuria?"

Wakapunguza, wakafunga, wakapunguza tena. Jogoo alipata nafasi mbele, kuku hakupata. Okito alipanda, Espérance nyuma yake na mafuta mapajani, pikipiki ikayumba, ikakaa sawa, ikatoka uani kina mama wakiimba nyuma yake mpaka barabarani.

Kuku yuko kwetu. Falone anasema ni wa Okito, kwa hiyo hatumchinji, na vifaranga vyake tutavipeleka Obokote njia itakapokauka.